Chai ya Mchaichai na Amana ya Jina

Tuandikapo maneno haya Alasiri imekwisha swaliwa, jua limeinamia nyuma ya mikorosho, na mbele yetu, juu ya jamvi, kipo kikombe cha chai kinachofuka moshi. Ndani yake hamna jani la chai hata moja. Mna mchaichai uliokatwa sasa hivi nyuma ya nyumba, kipande cha tangawizi iliyopondwa, na sukari kidogo. Harufu yake yakaribia harufu ya limau, lakini haina ukali wa limau. Mtu huinusa kabla ya kuinywa, na akiisha kuinusa hana haja ya kuambiwa karibu mara ya pili.

Tupo Kerege, katika Wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda mji wa Bagamoyo. Aliyetuandalia chai hii ni bibi mmoja mkaazi wa hapa, naye ndiye sababu ya makala haya. Jina lake hatutalitaja, na sababu ya kutolitaja msomaji wetu ataiona mwishoni.

Tulifika hapa kwa mara ya kwanza wakati tulipokuwa tukisoma chuo kikuu na kutafuta shahada ya uzamili. Kila atafutaye shahada hiyo kwa njia ya utafiti hana budi kuandika tasnifu, yaani kitabu cha jambo alilolichunguza yeye mwenyewe, si jambo alilolinakili katika vitabu vya wengine. Sisi tulichagua majina ya mimea ya nyumbani na matumizi yake kwa wenyeji wa Kerege: mchaichai, mrehani, kivumbasi, mwarobaini, mlimau, na mingine ambayo kila nyumba ina jina lake kwayo. Tulidhani kazi ni nyepesi. Mimea ipo, watu wapo, na lugha ni yetu wenyewe. Basi kilichobaki ni nini, illa kwenda na daftari?

Kilichobaki kilikuwa barua. Barua ilitoka chuoni ikaenda mkoani Kibaha. Ya mkoa ikaenda wilayani Bagamoyo. Ya wilaya ikaenda kwa mtendaji wa kata. Na kila mahali palikuwa na muhuri wake na siku yake ya kungoja. Hatusemi haya kwa kulalamika, kwani nyumba yenye mlango haina budi kubishwa hodi. Kisha zikaja safari zenyewe. Tulikuwa tukiondoka mjini alfajiri kwa daladala za Bagamoyo, mara nyingine tumekaa, aghalabu tumesimama, tukapita Tegeta, Bunju na Mapinga, ndipo tukashuka Kerege na vumbi la njiani mabegani. Ilipokuwa masika tulishuka na viatu mkononi.

Na kila nyumba tuliyoingia tulikuta desturi ni moja. Hodi hujibiwa karibu. Shikamoo hujibiwa marahaba. Hali za watu wa nyumbani huulizwa mmoja mmoja. Kisha chai huletwa. Hakuna aliyetaka kusikia swali letu la kwanza kabla sisi hatujamaliza kikombe cha kwanza. Mwanzo jambo hilo lilitutia haraka moyoni, maana tulikuwa na orodha ya maswali na tulikuwa tukihesabu saa. Baadaye tulifahamu ya kuwa wenyeji nao walikuwa na utafiti wao. Muda ule wa chai walikuwa wakitutazama sisi ni watu wa namna gani, kabla ya kutupa walichotunza.

Wasomaji wetu wajua ya kuwa kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo lililoletwa na vyuo vikuu vya siku hizi. Imepokewa ya kuwa Jabir bin Abdillahi, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham, kwa ajili ya hadithi moja tu iliyokuwa kwa Abdullah bin Unais. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijra, sawa na mwaka 1071, alitunga kitabu kizima juu ya safari za namna hiyo. Nao wanavyuoni wale hawakuridhika kuchukua maneno peke yake. Walichukua na majina. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Neno lisilojulikana limetoka kinywani mwa nani lilihesabiwa kuwa na kasoro, hata kama lilikuwa zuri masikioni.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Bagamoyo hii yetu ilimtoa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda. Mwanachuoni huyo alisafiri kutoka pwani hii mpaka Udoe na Uzigua, akatazama mila za watu na kuuliza habari zao, kisha akaziandika kwa Kiswahili. Habari za safari yake hiyo zilichapishwa mwaka 1901, miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa nchi hii kupewa shahada kwa kazi kama hiyo. Tulipokuwa tukitembea kwa miguu katika njia za mchanga za Kerege, tukiwa na daftari kwapani, tulijiona kuwa tunafuata nyayo zake. Hatukujua bado ya kuwa tulikuwa tunafuata na nyayo nyingine zisizokuwa za kusifiwa.

Bibi wa makala haya alikuwa mtu wa saba tuliyemwuliza. Alitukalisha siku nne. Alitwambia mche gani hupandwa karibu na mlango na mche gani hupandwa mbali. Jani gani huchumwa asubuhi na lipi jioni. Lipi ni la mgeni na lipi ni la mzazi aliyejifungua. Hakujidai uganga. Kila tulipomwuliza jani hili laponya nini, alitujibu, "Kuponya ni kwa Mungu, hili lachangamsha tu." Na kila alipotaja jambo alitaja na mtu aliyemfunza. Mengi alifunzwa na mama yake, ambaye jina lake alitupa kamili pamoja na la babaye. Na mama yake naye alikuwa amefunzwa baadhi yake na jirani yake, mwanamke wa Kidoe, ambaye jina lake pia alitutajia.

Siku ya kwanza, kabla ya swali lolote, tulimpa fomu ya ridhaa kama kanuni zilivyotaka. Ilikuwa kurasa mbili. Tulimsomea kwa haraka: kwamba kushiriki ni hiari yake, kwamba aweza kuacha wakati wowote, na kwamba jina lake litafichwa. Hajui kusoma, kwa hiyo aliweka dole gumba. Nasi tuliikunja fomu tukaitia mkobani, tukashukuru kuwa jambo la karatasi limekwisha.

Kisha ukaja wakati wa kuandika. Wanaoandika tasnifu wajua ya kuwa safari ya mezani ni ndefu kuliko ya barabarani. Mtu akaapo peke yake usiku, watu wa nyumba wamelala, karatasi zimetapakaa, hana wa kumwuliza wala wa kumkaribisha. Sisi tulijifunza kupika mchaichai usiku huo, ili angalau harufu ya Kerege iwepo mezani. Tulikunywa huku tukiandika: Mhojiwa wa 3 alisema hivi, Mhojiwa wa 7 alisema vile. Na maneno mengi mazuri kuliko yote katika kitabu chetu yalikuwa ya Mhojiwa wa 7.

Rasimu ilipokamilika, tarehe ya kuiwasilisha ilikuwa imebaki majuma matano. Tulikata shauri kurudi Kerege tumsomee bibi sura iliyomhusu, kwa adabu tu, wala hatukutazamia jambo. Tukaketi juu ya jamvi hili hili, chai ikaletwa, tukasoma.

Alitusahihisha mara ya kwanza katika jambo la jikoni. Tulikuwa tumeandika ya kuwa mchaichai huchemshwa mpaka maji yageuke rangi. Alicheka akasema, "Hapana, mjukuu wangu. Maji yakichemka ndipo watia majani, wafunika, waepua. Ukiyaacha motoni, harufu yapanda na moshi, nawe wabaki na maji ya nyasi." Basi tukatambua ya kuwa miezi yote ile usiku tulikuwa tukinywa maji ya nyasi na kuyasifu.

Tukafuta, tukaandika lililo sahihi, tukaendelea kusoma. Mara akainua mkono.

"Huyu wa saba ni nani?"

Tukamjibu kwa furaha, "Ni wewe, bibi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nilikwambia haya kanifunza mama yangu, nikakutajia jina lake. Nikakwambia na mama yangu kafunzwa na jirani yake, nikakutajia na la huyo. Sasa sote watatu umetufanya namba moja?"

Tukamweleza ya kuwa ndiyo kanuni, na ya kuwa yeye mwenyewe aliikubali kwa dole gumba.

"Niliweka dole," alisema, "kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa karatasi." Wala hakusema kwa hasira. Akaongeza, "Mama yangu hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha haya."

Tulirudi mjini jioni ile, na katika daladala tulimkumbuka tena Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho hata leo hakuna mchunguzi wa mambo ya pwani awezaye kukipita. Maneno yaliyomo mengi ni yake, pamoja na ya Waswahili wengine. Lakini jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya na kuyatengeneza kwa chapa. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kile ilipotoka na jina la Mtoro limeandikwa katika anwani yake. Kutoka 1903 mpaka 1981 ni miaka 78. Tulikuwa tumezoea kulisimulia jambo hilo kwa uchungu, tukiwalaumu watu wa zamani. Kumbe katika mkoba wetu, juu ya mapaja yetu, tulikuwa tumebeba kitabu cha namna ile ile, na jina litakalowekwa mbele yake lilikuwa letu.

Yatupasa tuwe waadilifu. Kanuni ya kuficha majina haikuwekwa kwa dhuluma. Mtu humweleza mchunguzi ugonjwa wake, ugomvi wake wa shamba, au siri ya nyumba yake. Jina lake likitokea, huenda akapata fedheha au madhara. Kumfunika mtu wa namna hiyo ni sitara, na sitara ni jambo jema ambalo dini yetu yatuhimiza. Lakini kumtaja mwenye elimu kwa elimu yake ni haki, na haki nayo twahimizwa. Basi hapa yalikutana mambo mawili mema, na kosa letu halikuwa kuchagua moja kati yake. Kosa letu lilikuwa kumchagulia bibi, na tusimwulize. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi tulikuwa tumeuliza maswali arobaini juu ya majani, na swali lile moja juu ya mwenye majani tukaliacha.

Tulimwendea mwalimu aliyekuwa akitusimamia. Alitusikiliza, akasema ya kuwa kanuni haikatazi jina kutajwa iwapo mwenyewe, akiwa amefahamu vema, ameridhia. Lakini fomu itabidi iandikwe upya na kupitishwa tena, watu wote itabidi warudiwe, tarehe itapita, na muhula mwingine una ada yake. Uamuzi akatuachia sisi.

Fedha ya ada hiyo ilikuwapo, lakini ilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba ya mama yetu, ambayo paa lake lilikuwa likivuja tangu zamani. Tulikaa siku tatu bila kuandika neno. Moyo ulitushauri mengi: kwamba bibi yule ni mmoja tu, kwamba hata wakubwa wa elimu hufanya hivyo hivyo, kwamba tukiisha kupata shahada tutaandika kitabu kingine na kumtaja humo. Siku ya nne tulimweleza mama. Aliuliza swali moja, "Huyo bibi na yeye alikuwa na mama?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Paa hili limevuja miaka sita, mwaka wa saba halitanishinda."

Basi tulirudi Kerege, safari kumi na mbili, na fomu mpya iliyoandikwa kwa maneno yasemwayo nyumbani. Tulikuwa na watu 14 wa kuwauliza. Watu 9 walitaka majina yao yatajwe, na mzee mmoja kati yao hakuridhika mpaka tulipoandika na la babu yake. Watu 4 walikataa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mama mmoja, aliyetusimulia majani aliyompa mumewe katika maradhi yake ya mwisho, alitwambia, "Maneno yachukue, mimi niache." Tulishukuru mno kuwa tulimwuliza naye, maana kama tungewataja wote kwa pamoja ili tujitakase na kosa la kwanza, tungemfanyia yeye kosa la pili.

Na mtu mmoja tulimkosa. Alikuwa mzee aliyetutembeza nusu siku pembezoni mwa shamba lake akitutajia miche ya porini, na mingine hatukuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Tulipofika na fomu mpya tulipokewa na watoto wake. Yeye alikuwa amekwisha zikwa miezi miwili nyuma. Mtoto mmoja alisema baba atajwe. Mwingine alisema baba hakupenda jina lake kuzungushwa, basi aachwe. Kila mmoja alimpenda baba yake, nasi hatukuwa na wa kumwuliza. Katika kitabu chetu amebaki kuwa Mhojiwa wa 11. Fedha ya ada tulikwisha irudisha, na nyumba ya mama imeezekwa; lakini deni hili la mzee hatujui twalilipa wapi, illa kumwombea dua, na Mola amjua kwa jina lake.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaeleza wenye nyumba wasomao gazeti hili, kwa kuwa jambo hili liko karibu nao kuliko wanavyodhani. Watoto wetu wengi sasa wako vyuoni, na kila mwaka hutumwa kwenda kuuliza watu. Mzazi amwulize mwanawe: hao waliokupa maneno, uliwauliza watakavyo kuitwa? Na iwapo mgeni mwenye daftari atabisha hodi kwako, mkaribishe, mpe chai, kwani mgeni ni baraka. Lakini kabla hujaweka dole au sahihi yako, mwambie akusomee taratibu, na umwulize jina lako litakuwa wapi. Kumwuliza hivyo si ukosefu wa adabu. Utakuwa umemsaidia asibebe mzigo asioujua.

Tena, lipo jambo lisilohitaji chuo wala barua ya mkoa. Katika kila nyumba yumo mtu mzima ajuaye jambo: jina la mche, mapishi ya mchuzi, ukoo wa mtu, chanzo cha jina la mtaa. Kijana mwenye mwandiko mzuri na akae naye jioni moja, aandike, na pembeni mwa kila neno aandike limetoka kwa nani, na huyo alilipata kwa nani. Daftari la senti chache laweza kuwa urithi. Kerege nayo yabadilika. Mji wa Dar es Salaam wasogea kwa barabara hii hii, na mahali palipokuwa na miche ya porini sasa pana kuta za matofali. Mche ukiondoka pamoja na jina lake, na jina likaondoka pamoja na ajuaye, wajukuu hawatakuwa na cha kuuliza.

Leo tumekuja Kerege bila fomu. Tumemletea bibi kitabu kilichokwisha kujalidiwa. Hakukifungua yeye; alimwita mjukuu wake wa darasa la sita akamwambia asome. Mtoto alitafuta ukurasa tuliomwonyesha, akasoma jina la bibi yake, kisha jina la mama wa bibi, kisha jina la jirani wa Kidoe. Bibi akasema, "Rudia la katikati." Mtoto akarudia. Bibi alitazama uani, pale penye mchaichai, wala hakusema kitu.

Baadaye tulimwomba ruhusa ya kumtaja katika makala haya. Safari hii tuliuliza mapema. Akatikisa kichwa. "Kitabuni nilikuwa namtafutia mama yangu nafasi," alisema, "nayo kaipata. Mimi, wanaonijua wanatosha."

Basi hatukumtaja. Kisha akakitazama kikombe chetu, ambacho kwa kuandika tulikuwa tumekisahau, akatuhimiza tunywe, chai isije ikapoa.